Muulize Bi Fundi: Zeiss, Canon na Nikkor, ipi inatoa picha kali?

Swali: Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni kijana wa Unguja, napiga picha za harusi kwa dijitali lakini siku hizi nimeingia kwenye filamu. Marehemu babu aliniachia kamera ya Praktica yenye lenzi ya Carl Zeiss Jena Tessar 50mm f/2.8, aliyorudi nayo kutoka masomoni Ujerumani Mashariki. Nimenunua na kamera ya Canon AE-1 yenye lenzi ya FD 50mm f/1.8, na rafiki yangu kaniazima kamera ya Nikon FM yenye lenzi ya Nikon iitwayo Nikkor, 50mm f/1.4. Nimepiga roli moja kwa kila kamera, nikapeleka maabara moja Dar wakazisafisha na kuziskani. Za Canon zimekuja na rangi ya joto, za Nikon kali mno, za Zeiss zimepauka. Nilikuwa naamini Zeiss ndiye baba lao! Je, niuze Praktica? Na ni kweli kampuni zinatofautiana kiasi hicho?
*Mpiga picha, Unguja*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Praktica usiuze, walau mpaka umalize kusoma ukurasa huu.

Hujalinganisha lenzi. Umelinganisha kamera tatu, shata tatu (pazia linalofunguka kuingiza mwanga), na mkono wa kijana aliyekaa mbele ya skana siku ile. Mashine za maabara, iwe Noritsu au Frontier ya Fuji, hazikupi kilichomo kwenye negativu kama kilivyo. Zinaitazama picha moja moja, zinapunguza manjano hapa, zinaongeza weusi pale, na juu ya yote zinanoa kingo za vitu ili picha ipendeze kwenye simu. Hiyo rangi ya joto ya Canon huenda ni ya lenzi, huenda ni ya saa kumi na moja jioni, huenda ni ya huyo kijana. Halafu shata ya Praktica iliyolala kabatini miaka yote hiyo mara nyingi huwa imechoka: unaiagiza 1/500 ya sekunde, yenyewe inafunguka kama 1/250. Negativu inatoka nzito, skana inahangaika nayo, picha inakuja imepauka, na lawama anabebeshwa Zeiss.

Kwa hiyo skani ziweke kando, shika negativu zenyewe. Chukua plastiki nyeupe, iweke juu ya skrini ya simu, halafu negativu juu yake. Toa lenzi ya babu kwenye kamera, ifungue tundu lote, ishike juu ya negativu kwa umbali wa sentimita nne na nusu, sehemu ya kufungia kwenye kamera ikitazama chini na jicho lako likiwa upande wa mbele. Sogeza taratibu mpaka punje za filamu zisimame. Hapo lenzi inakuzia mara 5, na hujanunua kitu. Tazama kope za bi harusi, tazama herufi za ubao wa duka nyuma yake. Nina hakika utakuta Tessar hajafanya vibaya kama ulivyoonyeshwa.

Sasa tupige hesabu ndogo, maana ndiyo inayomaliza nusu ya ubishi wa majina. Fremu ya filamu ni milimita 24 kwa 36. Ukichapa picha ya albamu, sentimita 10 kwa 15, umeikuza mara 4 na kidogo. Jicho zima, kwa umbali wa kusoma kitabu, linatenganisha mistari kama 5 au 6 ndani ya milimita moja ya karatasi. Zidisha, utaona lenzi inatakiwa iandike mistari 25 hivi kwa milimita juu ya filamu, basi. Hakuna 50mm ya kampuni yenye jina, iwe ya Jena ya Ujerumani, Tokyo au Krasnogorsk ya Urusi, inayoshindwa hilo ikiwa nzima na tundu lake limefungwa hadi f/8 (namba ya f ikikua, tundu linapungua). Lakini mteja akitaka ya kutundika sebuleni, sentimita 30 kwa 45, umekuza mara 12.5 na lenzi inadaiwa mistari 60 hadi 75. Hapo ndipo majina yanaachana. Katikati ya picha bado watakwenda sambamba, ila pembeni kuna atakayebaki nyuma, na atakuwa Tessar wa babu, hasa kwenye f/2.8 na f/4.

Sababu si uzembe wa Wajerumani. Tessar ilichorwa na Paul Rudolph wa Zeiss mwaka 1902, vioo vinne tu katika mafungu matatu. Canon yako ina vioo 6, Nikkor ya rafiki yako ina 7. Na mpangilio wa hizo mbili unatokana na lenzi nyingine ya Rudolph huyohuyo, Planar ya 1896! Kwa hiyo Zeiss unayetaka kumuuza ni babu wa hao wawili wanaomshinda. Kwa nini basi Planar haikutawala tangu mwanzo? Kwa sababu kila uso wa kioo usiopakwa kitu unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga, na mwanga huo unazurura ndani ya lenzi hadi unaangukia filamu mahali pasipo pake. Planar ilikuwa na nyuso 8 zinazogusa hewa, Tessar 6. Ikabidi isubiri hadi 1935, Alexander Smakula wa Zeiss alipogundua namna ya kupaka kioo utando mwembamba wa kuzuia mwanga kurudi. Zilipofika zama za utando wa tabaka nyingi, miaka ya 1970, kila kampuni ikajaza vioo itakavyo.

Utando ndio unaotenganisha kampuni kwenye picha za kawaida, kuliko ukali wenyewe. Tessar nyingi za Praktica zina utando wa tabaka moja, kwa hiyo mwanga kidogo huvuja na kutandaa juu ya filamu nzima. Weusi wake si weusi wa Nikkor. Wapimaji wa majedwali wanaliandika hilo kama dosari. Mimi nimekulia studio ya baba, Tanga, na kwa kazi zetu za pwani nasema si dosari kila mara. Fikiria harusi ya saa saba mchana kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe: bwana harusi kanzu nyeupe inawaka, na pembeni yake shangazi ndani ya buibui jeusi. Kwa Nikkor, ukipima mwanga kwa kanzu, buibui linakuwa shimo, hakuna mkunjo hata mmoja. Kwa Tessar, ule mwanga uliotandaa unatosha kuinua vivuli kidogo, filamu ikashika mikunjo, na kwenye chumba cha giza unachapa kwa karatasi ngumu zaidi (inayoachanisha zaidi weusi na weupe), shangazi anarudi. Kwa harusi ya mchana ningekwambia beba Praktica. Kwa usiku, ukumbini, taa zikiwa zinakutazama usoni, beba Nikon wala usifikiri mara mbili. Jua likiingia moja kwa moja kwenye Tessar, picha nzima inageuka ukungu. Mvalishe kofia ya lenzi, na kama huna, kinga kwa kiganja.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, bahati unayo. Kutoka mdomo wa kamera, panapofungwa lenzi, hadi kwenye filamu, Canon FD ina milimita 42, Praktica 45.46, Nikon 46.5. Maana yake lenzi za babu na za Nikon zote zinaweza kukaa kwenye AE-1 kwa adapta, na bado zikaona mbali hadi upeo wa macho. Kinyume chake haiwezekani bila kioo cha ziada ambacho kitaharibu jaribio. Tumia AE-1 moja, filamu moja nyeusi-nyeupe ya taratibu (inayotaka mwanga mwingi) kama Ilford FP4 Plus, yote ndani ya roli moja. Adapta ya Praktica iwe ile yenye ukingo wa ndani unaosukuma pini ya lenzi. Isipoisukuma, utazungusha pete mpaka f/8 lakini tundu litabaki wazi kwenye f/2.8, kisha utakuja kuniandikia tena kwamba Zeiss ni mbovu.

Bandika kurasa za gazeti ukutani, katikati na kwenye kona zote nne, ukuta ukiwa sambamba na kamera. Kamera iwe juu ya stendi, ufyatue kwa waya au kwa saa ya kujifyatua. Kila lenzi ipige f/2.8, f/4 na f/8, na ufanyie kivulini, kwa sababu juani FP4 inataka 1/500 kwenye f/8 na shata ya AE-1 inaishia 1/1000. Hutaweza kufungua tundu. Fokasi itafute upya kwa kila lenzi. Gazeti likiisha, weka fremu chache za mtu: kanzu, buibui, jua begani. Mimi ndizo ninazoziamini zaidi. Roli ikisafishwa, waambie wasirekebishe chochote kwenye skana, au bora uchungulie negativu kama nilivyokueleza juu.

Na kuhusu baba lao, ubishi huo ni mkongwe kuliko wewe. Mwaka 1950 mpiga picha wa jarida la *Life*, David Douglas Duncan, alikuwa Tokyo. Mwenzake Mjapani, Jun Miki, alimpiga picha kwa lenzi ya Nikkor 85mm f/2. Duncan alipoiona, akataka kujua imetoka wapi, akaenda mpaka kiwandani kwa Nippon Kogaku, ambao ndio Nikon, zikalinganishwa na lenzi za Kijerumani alizozizoea. Juni mwaka huohuo vita vya Korea vikaanza, naye akaenda vitani na Nikkor zikiwa zimefungwa kwenye kamera zake za Kijerumani, Leica. Desemba gazeti la *New York Times* likaandika habari za lenzi hizo za Kijapani, na dharau ikaanza kupungua. Ila ile 85mm nayo ilifuata mchoro wa Sonnar, ambao ni wa Ludwig Bertele wa Zeiss. Ukoo ni mmoja, mwanangu.

Swali: Bi Fundi, hujambo? Kuna mtu hapa Mombasa anauza kamera ya Zenit yenye lenzi ya Helios 44-2. Anasema bei iko juu kwa sababu lenzi hiyo inazungusha mandhari nyuma ya mtu na hakuna nyingine inayoweza. Ni kweli?
*Msomaji, Likoni*

Jibu: Sijambo. Kuzungusha inazungusha, ila hilo la hakuna nyingine ni maneno ya kuuzia. Helios 44 ni Biotar 58mm f/2 ya Zeiss iliyozaliwa upya Urusi baada ya vita, Warusi walipochukua michoro na mitambo ya Jena. Biotar yenyewe inazungusha vilevile.

Kinachotokea ni hiki: tundu likiwa wazi kabisa, pembeni ya picha pete za lenzi zinakata sehemu ya mwanga, na nukta za mwanga zilizokuwa duara zinakuwa mfano wa jani, kila moja imeelekea upande wake. Jicho linaziunganisha linaona kizunguzungu. Kwa hiyo unahitaji nukta hizo ziwepo. Msimamishe mtu mita moja na nusu au mbili kutoka kwako, nyuma yake uwe na mwarobaini unaopenyeza jua, mita kadhaa zaidi, na piga f/2. Ukimsimamisha mbele ya ukuta, au ukifunga hadi f/5.6, hakuna kitakachozunguka.

Zilitengenezwa kwa wingi mno na hazilingani. Nimeshika Helios iliyokuwa kali hadi ikanishangaza, na nimeshika nyingine ambayo upande wa kushoto ulikuwa laini kila picha, kioo kimekaa upande. Mwombe muuzaji ajaribu kwa filamu. Akikataa, mwachie.

Swali: Shikamoo mama. Nimepewa kamera ya Pentax Spotmatic yenye lenzi ya Super-Takumar 50mm f/1.4. Kioo kimegeuka rangi ya chai, na kijana mmoja kaniambia kina mionzi, nikitupe. Picha za rangi zinatoka za njano. Nifanyeje?
*Mwalimu, Arusha*

Jibu: Marahaba, mwalimu. Usitupe, umepewa moja ya lenzi nzuri za zama zake. Kijana kasema kweli nusu. Baadhi ya vioo vyake viliyeyushwa na thoriamu ndani yake, ili kioo kipinde mwanga sana bila kutawanya rangi. Thoriamu ina mionzi, hafifu, na mionzi hiyohiyo ndiyo inayokigeuza kioo njano mwaka hadi mwaka. Kupiga nayo picha hakuna neno. Usiivunje, usiisugue kioo, wala usiiweke chini ya mto wa kulalia.

Njano huondolewa na mwanga wa urujuani-mbele (UV), ambao umo kwenye jua. Iweke dirishani panapopiga jua, kioo cha nyuma kikitazama juu, chini yake umetandika karatasi ya aluminiamu, kifuniko cha mbele umekitoa. Itachukua wiki kadhaa. Jihadhari na jambo moja: lenzi inakusanya jua mahali pamoja na inaweza kuwasha moto, kwa hiyo pazia, vitabu na kitanda viwe mbali, na usiondoke nyumbani ukaiacha. Taa ndogo ya urujuani-mbele inafanya kazi hiyohiyo bila hatari ya moto. Wakati unangoja, tia filamu nyeusi-nyeupe: hiyo njano inafanya kazi ya chujio, mawingu yatasimama vizuri juu ya Meru.

Usije ukailinganisha na lenzi ya kampuni nyingine kwa filamu ya rangi kabla haijasafika. Watu wengi wanaoandika kwamba Takumar ina rangi za joto wanasifu thoriamu.

Swali: Assalaam aleikum Bi Fundi. Mimi ni mtu mzima kama wewe, mzaliwa wa Pemba, naishi Maskati. Nina kamera mbili, Rolleiflex 2.8F yenye lenzi ya Planar na Yashica Mat 124G, zote nzima. Wajukuu wanataka moja. Nibaki na ipi?
*Babu, Maskati*

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umenikumbusha kazi. Baba yangu alipigia picha za studio kwa Yashica, na kazi yangu ilikuwa kusahihisha negativu kwa penseli: unaichonga risasi ndefu, unaisugulia kwenye msasa mpaka ncha inakaribia kupotea, unapaka negativu dawa kidogo ili ishike, kisha unagusa, unagusa, mpaka kovu linajificha. Filamu ya sentimita sita kwa sita ina nafasi ya kufanyia hivyo. Alipokuwa akiazima Rolleiflex yenye Planar, mimi nilikuwa nanuna. Kila chunusi ya bi harusi ilikuja mezani kwangu.

Yashinon, lenzi ya Yashica, ni 80mm f/3.5, vioo 4, mpangilio wa Tessar. Planar yako ina vioo 5 na inafunguka hadi f/2.8. Kwenye f/3.5 hadi f/4 tofauti utaiona kwenye kona, na Rolleiflex itashinda bila ubishi. Kwenye f/8 na f/11 ukichapa sentimita 20 kwa 20, umekuza mara tatu na nusu tu, na sijui mtu atakayekwambia ipi ni ipi kwa kutazama. Usiku, au mwanga mdogo wa alasiri msikitini, hapo ile nusu stopu na zaidi (hatua ya tundu) inayoipita Yashica ina thamani yake.

Kwa mkono sasa: Rolleiflex inazungusha filamu kwa utulivu ambao Yashica haina, lakini ikiharibika, fundi wake ni adimu na bei yake inauma. Wajukuu wape Yashica, wajifunzie, waiangushe. Wewe baki na Planar. Siku ukitaka picha ya usoni mwa mtu mzima mwenzetu, waazime Yashica yao uipige f/3.5, inasamehe mikunjo.

Swali: Bi Fundi, lenzi zangu zimeota fangasi. Nizizike kwenye mchele?
*Msomaji, Kigamboni*

Jibu: Hapana. Mchele una vumbi, na vumbi ndicho chakula cha fangasi. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, weka pakiti za silika jeli, zile za kunyonya unyevu, za kutosha na kipima unyevu kidogo, ukikisoma kiwe chini ya asilimia 60. Mikoba ya ngozi itupe nje ya kabati, inanyonya unyevu na kuutunza. Zilizoota tayari, zitenge na nzima, kisha mulika tochi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi: ukiona nyuzi nyembamba za ukingoni tu, peleka kwa fundi afungue na kusafisha mapema. Zikiwa zimeshafika katikati na kioo kimebaki na alama hata baada ya kufutwa, utando umeliwa, na hakuna jina la kampuni litakaloirudisha. Itumie kwa picha za mwanga laini, mbali na jua la mbele, na usinunue nyingine kabla ndoo haijawa tayari.